Gari Lilimsahau Baba Mkwe

“Mambo ya nyumbani yamalizwe kimyakimya. Mwanaume akikosea arekebishe kosa lake, afunge mdomo, maisha yaendelee. Kukiri mbele ya wakwe ni kujivua nguo sokoni.”

Hayo si maneno yangu. Ni maneno ya bwana mmoja anayetoa ushauri wa ndoa redioni kila Jumapili asubuhi, kwa sauti nzito iliyojaa asali, na safari hii alikuwa ananijibu mimi. Nilikuwa nimeandika hapa, kwenye safu yangu ya gazeti, kwamba mtu akimkosea mwenzake amwambie. Yeye akacheka hewani, akasema ushauri kama wangu ndio unaojaza mahakama za talaka, kwamba hatuna haja ya kusema kitu ambacho tumekwisha kukirekebisha. Kosa likisharekebishwa, akasema, limekufa.

Limekufa? Bwana wa redio, kaa chini, punguza sauti, usome barua ifuatayo. Imeandikwa na mwanaume aliyefanya yote uliyomfundisha. Alikosea, akarekebisha siku ile ile, tena vizuri, akafunga mdomo. Wasomaji wengine nanyi someni, kisha tuulizane kama kosa lile limekufa au ndiyo kwanza linakua.

* * *

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo, maana siku hiyo shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anakuja kumchukua baba yao na kumhamishia kwake, mji mwingine kabisa, kwa sababu wote wanaamini mzee ameanza kuchanganyikiwa, na mimi peke yangu ndiye ninayejua kwamba hajachanganyikiwa hata kidogo.

Nianze na gari ili unielewe. Tuna gari moja nyumbani, la kuwasha kwa kitufe, yaani huingizi ufunguo popote, unakuwa na rimoti yako mfukoni, unakanyaga breki, unabonyeza kitufe, linawaka. Rimoti zilikuwa mbili, moja yangu na moja ya baba mkwe. Mke wangu ana duka la kushona sare za shule, na baba mkwe, ambaye aliendesha malori ya masafa marefu mpaka alipostaafu, anaishi nasi na ndiye anayezisambaza sare hizo mashuleni, na ndiye anayewapeleka watoto wetu shule na kuwarudisha, na anaipenda kazi hiyo kuliko chakula. Mtaani wanamwita Breki, kwa sababu akiwa abiria mguu wake wa kulia hautulii, anakanyaga sakafu kila akiona kitu barabarani, na ukimwambia, “Baba, gari nimelishika mimi,” anakujibu, “Ndiyo maana nakanyaga.”

Rimoti yangu niliiua mwenyewe, niliisahau kwenye mfuko wa suruali na suruali ikalowekwa kwenye beseni la sabuni. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Baba mkwe akasema, “Mkwe, mwite fundi wa funguo, atakutengenezea nyingine na kuiandikisha kwenye gari, ni kazi ya muda mfupi,” nami nikamjibu mbele ya watoto, “Baba, siku hizi hayo mtu anafanya mwenyewe nyumbani kwa simu, hili si lori.” Watu wakacheka, naye akacheka. Lazima nikwambie kwamba mimi nyumbani najulikana kwa kujifanyia kila kitu, bomba, soketi, pasi, na sifa hiyo naipenda, siwezi kukuficha.

Basi nikaagiza rimoti mpya na kile kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani ambacho kinazungumza na simu, nikatafuta video, yule jamaa kwenye video anaongea sana, nikawa naruka ruka. Ilikuwa Jumamosi, baba mkwe alikuwa ametembea kwenda kwa kinyozi, na rimoti yake ilikuwa mfukoni mwake kama kawaida. Nikafuata hatua, funga milango, fungua mmoja, sogeza rimoti mpya kwenye kitufe, na kabla ya hatua ya mwisho simu ikaleta maandishi mekundu, marefu, nikaona neno “zote,” nikaona neno “utafutwa,” sikusoma katikati, nikabonyeza KUBALI kama tunavyobonyeza sote. Gari likalia, nikakanyaga breki, nikabonyeza, likanguruma. Nikawaita wote waje uani, watoto wakapiga makofi, mke wangu akanirekodi na kuirusha kwenye kundi la simu la ukoo wao na maneno “Bingwa wangu.” Jumapili niliendesha mimi, kwa rimoti mpya, sikuona tatizo.

Jumatatu nilifuatwa na mwenzangu wa kazini mapema, nikaondoka na rimoti mpya mfukoni. Mimi ni mtathmini wa kampuni ya bima, kazi yangu ni kwenda kuyaangalia magari yaliyogongana na kuandika nani mwenye kosa. Nilikuwa barabarani, madereva wawili wanatupiana maneno, mke wangu akanipigia. Baba alikuwa uani na watoto na mafurushi ya sare, gari limegoma, watoto wanachelewa, mwalimu mkuu anazisubiri sare. Mzee alikuwa amempigia yeye dukani akamwambia, “Mwanangu, gari halinijui.” Mke wangu akamuuliza, “Halikujui vipi, Baba?” Akajibu, “Limenisahau. Limeandika kwenye kioo chake kwamba halinijui.” Mke wangu akaniuliza kama gari lina tatizo, nami bila kufikiri nikasema, “Gari ni zima, jana nimeliendesha, labda Baba amekosea kitu.”

Mshauri, sentensi hiyo haikuwa uongo, ndivyo nilivyoamini. Lakini nilipokata simu tu yale maandishi mekundu yakanirudia, nikayatafuta kwenye simu nikayasoma: funguo zote ziwe ndani ya gari, ufunguo wowote, yaani rimoti yoyote, usiokuwepo utafutwa kwenye kumbukumbu ya gari. Nilikuwa nimeufuta ufunguo wa baba mkwe wangu akiwa kwa kinyozi. Na baadaye niligundua kwamba mzee alikuwa amefanya kila kitu ambacho dereva mwenye akili zake angefanya, alifungua mlango kwa kile kijichuma kilichofichwa ndani ya rimoti, akabadilisha betri ya rimoti, akaigusisha kwenye kitufe, akasoma kilichoandikwa, akasema alichokisoma.

Jioni nikaichukua rimoti yake nikamwambia niitazame kidogo, nikaingia garini peke yangu na rimoti zote mbili, nikarudia kazi yote, safari hii nikisoma kila neno, na gari likazitambua zote. Nilitaka kusema kulikuwa na vumbi kwenye betri, yaishe. Lakini kabla sijafungua mdomo mke wangu akaja, akaichukua rimoti ya baba yake mkononi mwangu, akaingia, akabonyeza, gari likawaka. Baba mkwe alikuwa mlangoni.

“Mbona linawaka, Baba?”

“Asubuhi halikuwaka.”

“Ulikanyaga breki?”

Akamtazama. “Mwanangu. Mimi?”

Hakuna aliyecheka. Mke wangu akaingia chumbani akalia, akaanza kukumbuka, siku ile Baba alimwita mtoto wetu mdogo kwa jina la shangazi yake, siku ile aliacha bomba wazi, mambo ambayo hata mimi nafanya, lakini sasa yote yakawa yanaelekea upande mmoja. Akaniuliza, “Wewe, baba watoto, unakaa naye jioni zote, unaonaje?” Nami nikasema, Mungu anisamehe, nikasema, “Hata mimi nimeona dalili.”

Tukampeleka hospitali. Daktari alimuuliza tarehe, akajibu, alimwambia ahesabu kurudi nyuma, akahesabu, lakini daktari alipomuuliza kama yeye mwenyewe ana wasiwasi wowote, baba mkwe akasema, “Daktari, nilishindwa kuwasha gari zima, na ninakumbuka vizuri kabisa kwamba lilikuwa limekataa. Mtu anaweza kukumbuka kitu ambacho hakikutokea?” Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake, nimemshikia koti. Daktari akashauri asiendeshe kwanza, awe chini ya uangalizi. Mke wangu akaichukua rimoti akaiweka dukani kwenye kopo la vifungo. Watoto sasa wanachukuliwa na gari la kukodi. Juzi nilikuwa namwendesha baba mkwe kwenda kliniki, pikipiki ikakatiza mbele yetu ghafla, nikashtuka mimi, yeye mguu wake ulitulia pale pale kama si wake.

Siku hiyo hiyo ndani ya gari akaniambia, “Mkwe, watoto wangu wananionea huruma, hawataniambia. Wewe niambie. Nimeharibika?” Ilikuwa nafasi yangu, Mshauri, tulikuwa wawili tu. Nikasema, “Ni umri tu, Baba.” Akaniwekea mkono begani akasema, “Asante kwa kuniambia ukweli.” Tangu hapo nikilala nausikia ule mkono.

Sasa ninachoomba ni hiki. Nimempata fundi mmoja rafiki yangu aliyekubali kuja nyumbani kabla ya Jumamosi, alipime gari, aseme mbele ya wote kwamba kompyuta yake ina hitilafu inayokuja na kuondoka, hivyo siku ile huenda kweli lilimgomea mzee. Hapo mzee anasafishika, shemeji hamchukui, na hakuna anayeumia. Je, hilo ni baya? Maana nikisema ukweli mke wangu hataniamini tena kwa lolote, shemeji atanicheka mpaka kaburini, na watoto wangu wataniona mtu wa ajabu. Na tafadhali ukiichapa barua hii badilisha maelezo, sema ni mashine ya kufulia au kitu kingine, maana mke wangu hukusoma kila wiki, huliweka gazeti mezani kando ya cherehani.

Mimi, niliyeitwa bingwa

* * *

Ndugu yangu,

Nianze na unachostahili kusikia kwa upole, kisha upole uishe.

Kuufuta ule ufunguo hakukuwa dhambi. Ilikuwa haraka na majivuno kidogo, vitu ambavyo kila mwenye simu anavyo. Hao wanaotengeneza vifaa vya kuuzia watu wa nyumbani, wakaliweka onyo kubwa kuliko yote katikati ya maandishi marefu, juu ya kitufe ambacho dunia nzima imezoea kukibonyeza bila kusoma, nao wana lao la kujibu. Ungemwambia mke wako Jumatatu ile ile mchana, “Mama, ni mimi, nimeifuta rimoti ya Baba kwa bahati mbaya,” ungechekwa wiki moja, baba mkwe angekukumbusha habari ya fundi wa funguo kila akinywa chai, na basi. Hilo nakusamehe kwa niaba ya wote wanaobonyeza KUBALI, na mimi nikiwemo.

Upole umeishia hapo.

Wewe kazi yako ni kuandika nani mwenye kosa. Hebu fikiri dereva anamgonga mwenzake nyuma, anaingia gereji kwa siri, analinyoosha gari la mwenzake, analipaka rangi, kisha anakuja mbele yako na kusema, “Mtathmini, tazama, gari lake halina hata mkwaruzo. Jamaa huyu anaota kwamba aligongwa.” Ungeandika nini? Ungeandika kosa dogo la barabarani? Thubutu. Ungeandika kwa kalamu nzito kwamba huyu ni tapeli. Basi andika. Una karatasi, una kalamu, na mwenye kosa unamjua.

Na hapa ndipo ninapomrudia yule bwana wa redio. Alisema kosa likirekebishwa limekufa. Msikilizeni mtu huyu! Kulirekebisha kimya ndiko kulikompiga mzee. Gari lingebaki bovu, mke angebonyeza kitufe likagoma, na Breki angekuwa msema kweli mbele ya nyumba nzima. Lakini bingwa wetu alilitengeneza vizuri, akalitengeneza kwa siri, na gari lile zima likawa shahidi dhidi ya mzee wa watu. Hakuna kilichokufa. Kosa la mkwe lilihamishiwa kichwani mwa baba mkwe, na huko linakula.

Maana umemchukulia nini? Usiniambie gari. Gari ni chuma. Umemchukulia imani yake kwa kumbukumbu yake mwenyewe. Mtu yule aliona kitu kwa macho yake, akakisoma, akakisema sawasawa kama kilivyoandikwa, kisha watu wote anaowapenda wakamwambia hakikutokea. Alipomuuliza daktari kama mtu anaweza kukumbuka kisichotokea, wewe umeshika koti. Rimoti unaweza kuiandikisha tena kwenye gari jioni moja. Mzee akishaacha kuyaamini macho yake, utamchomeka kifaa wapi?

Na yale maneno manne: “Hata mimi nimeona dalili.” Ulichokisema mwanzo ulikisema kwa kutojua. Hicho ulikisema ukijua. Mke wako alikuuliza akilia, kwa sababu anakuamini, nawe ulimpa ushahidi wa uongo juu ya baba yake mzazi. Hilo si la kifundi, na hakuna fundi wa kulitengeneza.

Kwa hiyo mpango wako wa kumleta rafiki yako aje aigize kupima gari, utupe. Utupe leo, na umwambie huyo rafiki kwamba kazi haipo. Kwanza unamwingiza mtu mwingine kwenye uongo aliokuwa hana. Pili, mpango wenyewe hautafika unakotaka ufike. Wataambiwa “huenda” gari lilimgomea. Huenda! Na zile dalili zako? Zitabaki pale pale. Mke wako ataendelea kuhesabu mabomba yaliyoachwa wazi. Unataka kumsafisha mzee nusu, ili wewe ubaki safi wote. Unasema “hakuna anayeumia” kana kwamba baba mkwe wako ni kiti.

Unaona haya, umeniambia kila mstari unaona haya. Vizuri. Haya ni kitu cha heshima, inathibitisha kwamba ndani bado kuna mtu. Lakini umeigeuza blanketi, umejifunika nayo, na wakati wewe unaona haya huko chini, mwenzako anafungashiwa nguo. Shemeji atakucheka? Acha acheke. Unaogopa kuchekwa, na mzee anaogopa kupoteza akili. Pimeni hofu hizo mbili, mtathmini.

Sasa nisikilize ufanye nini, na ufanye kwa mpangilio huu.

Nenda kwa baba mkwe kwanza, kabla ya mke wako. Yeye ndiye aliyeibiwa, asiipate habari yake mwenyewe kwa watu wengine. Usianze na kifaa, usianze na video, usianze na “Baba, unajua teknolojia hizi.” Mwambie: “Baba, siku ile gari lilikataa kweli. Niliufuta ufunguo wako bila kujua, nikautengeneza kwa siri, nikajua kwamba una akili zako timamu, na nikawaacha wakuone umechanganyikiwa. Uliponiuliza, nilikudanganya.” Kisha nyamaza. Akikutukana, umetukanwa. Akinyamaza, kaa hapo naye. Usimwombe akufichie, hata kwa macho. Kuna wazee watakaosema, “Yaishe, mkwe, tusiwasumbue watoto,” kwa kukuonea huruma. Huruma hiyo usiipokee. Umeshakopa ya kutosha kwake.

Halafu mke wako, siku hiyo hiyo, na usilisahau lile neno “dalili.” Ukiliruka hilo hujasema kitu. Na kama bado kuna anayeona shaka, itoeni rimoti ya mzee kwenye lile kopo la vifungo, iacheni ndani ya nyumba, nendeni uani, rudia ile kazi mbele yao, awasomee maandishi mekundu yeye mwenyewe mzee, kwa sauti, kisha aingie na rimoti yake peke yake, abonyeze kitufe cha gari waone. Halafu muirudishe, safari hii rimoti zote zikiwa ndani ya gari.

Kisha mpigie shemeji, usimtume mke. Kisha lile kundi la ukoo lililopata kukuona ukinguruma na gari na kuitwa bingwa, liandikie. Waliokusifia ndio hao hao waliopokea habari kwamba mzee ameharibika, sivyo? Kisha urudi kwa daktari pamoja na baba mkwe, umweleze, maana kwenye faili la mtu yule kuna shauri lililojengwa juu ya uongo wako. Kama daktari bado ana wasiwasi wake wa kweli kuhusu afya ya mzee, aupime kwa haki. Wazee wengine huchanganyikiwa kweli, na hao wanastahili kutunzwa bila kufichwa. Lakini apimwe kwa alichofanya yeye, si kwa ulichofanya wewe.

Na Jumamosi aulizwe mzee mwenyewe anataka kukaa wapi. Huenda akitoka hapo hataki tena kulala nyumba moja nawe. Akitaka kwenda kwa mwanawe, mbebee begi mpaka garini, bila kunung'unika.

Mke wako atakuamini tena? Sijui. Nisingekuwa mshauri wa maana kama ningekuahidi. Najua tu kwamba hivi sasa anamwamini mtu ambaye hayupo.

Nina neno pia kwa nyinyi wengine, mlioisoma barua hii mkimtikisia kichwa huyu bwana. Kijana gari likimgomea, tunasema gari bovu, tunamwita fundi. Mzee gari likimgomea, tunasema mzee mbovu, tunamwita daktari. Nani alikwenda kulitazama lile gari asubuhi ile? Hakuna. Walikuwa na dereva wa maisha yote aliyewaambia kwa simu, wazi kabisa, tatizo ni nini, nao wakasikia uzee ukizungumza. Bingwa alidanganya, ndiyo. Lakini uongo wake ulikuta viti vimeshapangwa.

Umeniomba nibadilishe maelezo, niseme ni mashine ya kufulia. Sikubadilisha. Jina lako silijui na mji wako siutaji, lakini gari nimeliacha gari, na kinyozi nimemwacha kinyozi. Unajua kwamba sikukuvizia: siku barua yako iliponifikia nilikujibu kwenye namba uliyoiandika chini, nikakwambia itatoka wiki hii hivi ilivyo, nikakwambia uniandikie neno moja tu kama hutaki. Ujumbe ulisomwa. Neno halikuja. Nimelichukua hilo kuwa ndilo jambo la kwanza la kishujaa ulilofanya tangu lile beseni la sabuni, na ninatumaini kwamba asubuhi ya leo, kabla gazeti halijafika dukani, umekwisha kufanya la pili.

Na kama hujafanya, basi mimi nawe tumemaliza, na maneno yangu ya mwisho ni ya mtu mwingine.

Mama mshonaji wa sare, wewe uliye na gazeti hili kando ya cherehani, na moyo unakwenda mbio sasa hivi: usimpigie mume wako. Yeye atasubiri, ana mengi ya kusubiria. Mpigie kaka yako, mwambie asije na gari la kuhamisha mtu. Funga duka. Nenda nyumbani aliko baba yako, kaa mbele yake, mwambie akusimulie ile Jumatatu tangu alipoukamata mlango wa gari, na safari hii usimkatize, usimuulize kama alikanyaga breki. Msikilize mpaka mwisho, kisha mwambie kwa mdomo wako kwamba ilitokea.